Hatua Arobaini Hadi Kliniki

Emilia, ambaye pale Ndanda karibu kila mtu anamwita Mama Chrispin, ana miaka kumi na tisa akipika chakula mbele ya geti la hospitali ya misheni. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara: mabati manne juu, mabenchi mawili, majiko mawili ya kuni, na meza ambayo mguu wake mmoja umeegeshwa kwenye tofali. Wapita njia hawali pale sana. Wateja wake ni watu wenye wagonjwa ndani.

Hakuzaliwa Ndanda. Ni mtu wa Lupaso, wilaya hiyohiyo ya Masasi, mjukuu wa mwalimu wa kanisa, na alifika hospitalini hapo mara ya kwanza akimuuguza mumewe. Katika wiki tano za kumuuguza aliona shida ambayo mtu hawezi kuijua akiwa kwao: ndugu wa mgonjwa ametoka mbali, hana jiko, hana sufuria, na mgonjwa anataka uji saa hiyohiyo. Mumewe alipofariki alirudi Lupaso kuzika, akaokota korosho za msimu ule, kisha akarudi Ndanda na sufuria mbili na ndoo. Mwanawe, Chrispin, alimwacha kwa bibi yake mpaka alipomaliza shule.

Tangu mwanzo alipika mboga za aina mbili. Sufuria moja ilikuwa ya watu wote. Nyingine haikutiwa chumvi kabisa, na mafuta yalikuwa kijiko kimoja tu, kwa ajili ya wenye presha na wenye figo mbovu. Baadaye yeye mwenyewe alianza kula kutoka sufuria hiyo ya pili. Siku moja muuguzi wa kliniki, dada mmoja anayeitwa Nancy, alivuka barabara na mashine yake, akawapima akina mama wote wanaouza vitu pale getini. Presha ya Emilia ilikuwa juu. Akaandikiwa vidonge, akapewa kadi, akaambiwa awe anakuja Jumanne moja kila mwezi.

Kwenye benchi la kliniki ya Jumanne ndipo alipozoeana na Mzee Mrisho. Huyu alikuwa mkulima wa Mnyambe, Newala, mwenye kisukari cha siku nyingi. Kufika kwake Ndanda kulimlazimu kupanda gari tatu, lakini hakukosa hata mwezi mmoja, na kila alipomaliza kliniki alivuka barabara kuja kula.

"Shikamoo, Mzee Mrisho," Emilia angesema.

"Marahaba, Mama Chrispin. Leo umetupikia majani gani? Ninyi watu wa Masasi mnakula kama mnakiogopa chakula."

"Ni mchicha na mbaazi. Na ugali wako ni huu mdogo."

"Huu si ugali. Huu ni wa kuonjea." Na angeumaliza wote huku akicheka, kisha angemwachia mfuko wa mihogo mikavu aliyokuja nayo kutoka kwake.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Machi ya mwaka elfu mbili na ishirini, korona ilipoingia nchini.

Kwanza zilikuja ndoo za maji tiririka na sabuni pale getini. Halafu barakoa. Halafu mgonjwa akaruhusiwa ndugu mmoja tu. Emilia alifikiri wateja wamepungua kwa sababu hiyo, na kwa wiki chache hesabu yake ilikubali. Lakini kufikia Mei unga aliokuwa akiusonga kwa siku moja ulimtosha siku tatu. Mabasi yalisimama kama kawaida, ila walioshuka walikuwa wachache. Siku nyingine benchi la Jumanne lilikuwa na watu watatu.

"Huenda watu hawaumwi siku hizi," alimwambia jirani yake anayeuza ndizi. Alilisema kwa shukrani kabisa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba watu walikuwa wanaumwa kama zamani, ila walikuwa wanaumwa majumbani kwao.

Maneno yalikuwa mengi. Kwamba ukikohoa ndani ya geti hutoki tena. Kwamba ukifa unazikwa na watu usiowajua, waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na ndugu zako wanasimama mbali. Kwamba ugonjwa uko palepale hospitalini, kwenye vitasa na kwenye mabenchi, kwa hiyo mwenye akili abaki nyumbani ajifukize. Watu walichemsha majani ya mkaratusi na ya mlimau, wakajifunika mablanketi. Emilia naye alijifukiza. Alitoka jasho, akajisikia mwepesi kwa nusu saa, kisha kichwa kikamuuma kutwa nzima.

Jumanne ya Aprili hakwenda kliniki. Ya Mei pia hakwenda. Nancy alimwona akichota maji, akasimama mbali kidogo, barakoa usoni.

"Shikamoo, mama. Mbona hatukuoni?"

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja. Kazi zimenibana."

Nancy aliangalia benchi la kibandani ambalo halikuwa na mtu. "Vidonge vipo?" aliuliza mwishoni.

"Vipo."

Vilikuwepo, kwa sababu mara ya mwisho alinunua vya miezi mitatu na alikuwa ameanza kuvikata nusu. Hakuwa mjinga, na mwenyewe anapokisimulia kisa hiki anataka ieleweke hivyo. Alikuwa na sababu zake. Fedha ya kununulia vingine ilikuwa haionekani. Aliogopa kwamba akiingia ndani akapatikana na chochote, hata mafua, kibanda chake kitafungwa na hakuna atakayekula tena kwa mkono wake. Na zaidi ya yote, hakuumwa. Ndivyo presha ilivyo. Alikata vidonge nusu, mwili ukanyamaza. Akaruka siku moja moja, mwili ukanyamaza. Mwezi wa tisa vidonge vikaisha, naye hakununua vingine, na asubuhi iliyofuata aliamka, akawasha moto, akakoroga uji kama siku zote.

Alimpigia simu Mzee Mrisho mara moja mwaka ule.

"Niko mzima," mzee alimjibu. "Nakunywa mwarobaini. Huko kwenu nitakuja hali ikitulia."

"Na sindano zako?"

"Duka la dawa Newala wanazo. Nikipata nafasi naenda." Akabadili maneno, akamuuliza habari za Chrispin.

Mwaka mmoja ukapita, na zaidi. Katikati ya mwaka elfu mbili na ishirini na moja wagonjwa walianza kurudi. Emilia aliliona hilo kabla hajaambiwa na mtu yeyote, kwa sababu chakula kilichotakiwa kilikuwa kimebadilika. Zamani wengi walikuja wakitembea, wakala ugali, wakaondoka siku hiyohiyo. Sasa aliombwa uji, uji mwepesi, uji wa kupitisha kwenye mrija. Ndugu waliokuja na chombo kimoja cha chakula wakitegemea kukaa siku mbili walikaa mwezi. Walikuja watu waliopooza upande mmoja. Walikuja akina mama waliojifungulia nyumbani baada ya kuhangaika siku nzima. Alikuwepo binti mmoja kutoka kijiji cha bondeni ambaye alinunua uji kwa ajili ya mama yake siku tatu, na siku ya nne alikuja kurudisha kikombe tu.

Mzee Mrisho aliletwa mwezi wa nane, saa sita mchana, kwenye gari la kukodi lenye vumbi. Emilia hakumtambua. Aliyeweza kumtambua ni Sophia, binti wa mzee, mama wa watoto wawili, ambaye zamani alikuwa akimsindikiza baba yake. Alivuka barabara akikimbia.

"Mama Chrispin, shikamoo. Nisaidie maji ya moto. Ni baba."

"Amefanya nini?"

"Mguu."

Mzee alikuwa akipulizia mikorosho yake dawa ya salfa mwezi wa sita, miguuni amevaa kandambili. Kijiti kilimchoma kwenye unyayo. Hakusikia, maana kwa wenye kisukari cha muda mrefu miguu hufa ganzi. Sophia aliona damu kwenye mkeka siku mbili baadaye. Waliosha kwa maji ya chumvi, wakaweka majani, wakanunua vidonge dukani. Kidonda kikawa kama kinapona juu huku ndani kinaoza. Walipoamua safari, mguu ulikuwa mweusi hadi kifundoni.

Ulikatwa siku ya tatu, chini ya goti.

Sophia alikaa Ndanda wiki saba. Alilala na ndugu wengine wa wagonjwa, akala kwa Emilia, na mchana Emilia alipopata mtu wa kumshikia jiko walikwenda wote wawili kumwona mzee. Kila siku kulikuwa na cha kulipia: kitanda, dawa, damu, kusafisha kidonda. Baba mdogo aliyebaki Mnyambe alikuwa ameweka rehani nusu ya mikorosho kwa misimu mitatu, ili fedha ipatikane haraka.

Alasiri moja Sophia alikuwa akichambua mbaazi pale kibandani. Akasema, "Nilikuwa napiga hesabu ya nauli zake. Nauli, na sindano, na kile chakula chako. Kwa miezi yote ile aliyokaa nyumbani, pamoja. Unajua zinafika ngapi?"

"Ngapi?"

"Malipo ya siku tisa za hapa." Akaendelea kuchambua. "Siku tisa tu, mama. Na mimi ndiye niliyemwambia asije. Nilimwambia, baba, tulia nyumbani, huko utakwenda kuchukua ugonjwa. Nilimwambia kwa kumpenda."

Emilia alichukua ungo wa pili, wakachambua wote.

Siku hiyo mzee mwenyewe alikuwa na nguvu kidogo. Walipofika wodini alitaka kuinuliwa akae. Kisha akamgeukia Emilia.

"Na wewe? Presha yako?"

"Nameza dawa," Emilia alisema.

"Nancy amenipitia asubuhi. Nikamuuliza wenzangu wa Jumanne, mmoja mmoja. Akasema Mama Chrispin hajafika mwaka na nusu." Mzee hakuwa akitania. "Mimi nilikuwa na gari tatu za kupanda. Wewe kutoka jikoni kwako hadi kwenye lile benchi ni hatua arobaini. Nimezitembea mara nyingi, nazijua."

Emilia alimtengenezea mto, akasema atakwenda kesho.

Kesho hakwenda. Wala keshokutwa. Anasema hofu ilikuwa imegeuka. Mwanzoni aliogopa korona, sasa aliogopa kuambiwa ni nini kimetokea ndani ya mwili wake wakati hatazami. Aliyoyaona kwa mzee yalimtosha. Alijiambia kwamba mtu asiyeumwa hatafuti ugonjwa.

Wiki ilikaribia kuisha. Asubuhi moja alikuwa akimimina uji kwenye kikombe cha Sophia, na uji ukapita pembeni, ukamwagikia mezani, ukachuruzika hadi chini. Alisimamisha upawa, akasogeza kikombe, akamimina tena. Ukapita pembeni tena.

"Mama," Sophia alisema taratibu, "kikombe huoni?"

"Moshi huu."

"Upepo unapeleka moshi kule." Sophia alinyanyuka, akamfunika jicho la kulia kwa kiganja. "Vidole vingapi?"

Emilia aliona ukungu, na ndani ya ukungu kitu cheusi. Alisema viwili. Sophia alikuwa amenyoosha vitano.

Sophia hakubishana. Alitoa kuni kwenye majiko, akafunika masufuria, akamwambia muuza ndizi aangalie kibanda, akamshika Emilia mkono kama anayemvusha mtoto. Lori la makaa ya mawe lilipita, wakasubiri, kisha wakavuka.

Nancy alimpima mkono wa kushoto, akampima wa kulia, akarudia wa kushoto. Mia mbili na kumi na sita kwa mia moja na ishirini na mbili.

"Nigombeze basi," Emilia alisema.

"Nikugombeze kwa nini, mama? Umekuja." Nancy aliandika kwenye kadi. "Lakini leo hutoki."

Alilazwa siku tano. Daktari alimweleza bila kuficha. Mishipa ya jicho la kushoto ilikuwa imeharibika, na kuona kwake kusingerudi kama zamani. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Zingeweza kutunzwa zisiendelee kuharibika, ila kuanzia sasa angehitaji kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu na kumeza vidonge vya aina tatu badala ya kimoja. Emilia aliuliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari alisema huwezi kujua kwa hakika, kisha akaongeza kwamba, kwa anavyofikiri, jicho lingekuwa zima.

Katika siku hizo tano Sophia ndiye aliyewasha majiko. Alipika kwa ajili ya baba yake, kwa ajili ya Emilia, na kwa wateja, na fedha iliyopatikana aliileta kitandani ikiwa imefungwa kwenye ncha ya kanga. Mboga yake ilikuwa na chumvi nyingi. Emilia, akila ile isiyo na chumvi aliyopikiwa peke yake, alisikia wenzake wa wodi wakiisifia ile ya chumvi, akaona wivu kidogo, akajicheka. Alipotoka alilipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati za nyumba yake ya Lupaso. Nyumba hiyo hadi leo ina nyasi nusu.

Mzee Mrisho alirudi Mnyambe mwezi wa kumi, korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Alikwenda na magongo mawili, akilalamika kwamba moja ni refu kuliko jingine.

Baada ya hapo maisha yangeweza kuendelea hivyo tu. Lakini Emilia alikuwa akifikiria lile swali alilouliza mzee, la wenzake wa Jumanne. Benchi lilikuwa limeanza kujaa tena, ila sura nyingi zilikuwa mpya. Za zamani zilikuwa wapi? Alimuuliza Nancy. Nancy akasema anazo kadi zenye majina, baadhi zina namba za simu, nyingine hazina. Ameshajaribu kupiga, wengine wamebadili laini, wengine anaona majina tu na hakumbuki ni nani.

"Nisomee," Emilia alisema.

Walikaa alasiri ya Alhamisi, Nancy na kadi zake, Emilia na kikombe cha maji. Nancy alisoma jina. Emilia alifumba macho.

"Huyo ni yule mama wa Newala mjini, hali maharage, tumbo linajaa. Dada yake ana genge karibu na stendi."

Jina jingine.

"Huyo simjui kwa jina. Ana umri gani? Anatoka Lupaso? Basi ni baba mmoja mrefu, anataka uji wa ulezi usio na sukari na kila siku anauliza kama kweli haina. Tunasali kanisa moja nikienda nyumbani."

Waliendelea hivyo hadi jua likaanza kuinama. Kadi zilikuwa thelathini na nne. Emilia alitambua watu ishirini na sita, karibu wote kwa chakula. Kwa wiki tatu zilizofuata, kila alipomaliza kuosha vyombo, alikaa kwenye benchi na simu yake, akapiga. Wengine aliwapata kwa kupitia ndugu, wengine kwa mtu wa genge, wengine kwa katekista. Kumi na moja walirudi kliniki. Watano walikuwa wakitibiwa kwingine, na walifurahi kukumbukwa. Wanne walisema watakuja, na hawakuja. Sita walikuwa wamefariki.

Hao sita walimchosha kuliko kazi yote ya jikoni. Hakuna hata mmoja ambaye ndugu zake walisema amekufa kwa korona. Alianguka chooni. Alilala hakuamka. Alivimba miguu, kisha uso.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Dunstan, aliyestaafu akafungua duka la madaftari Newala, mtu mpole aliyependa kisamvu. Simu yake ilipokelewa na mwanamke.

"Shikamoo, mama," Emilia alisema, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Namuulizia Mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu hatunaye. Mwaka huu, mwezi wa pili. Presha." Akaongeza, "Mimi ni mke wake, Mama Trevor. Nani mwenzangu?"

"Pole sana, mama. Mimi ni yule anayepika chakula pale Ndanda, getini. Tulikuwa tunakwenda naye kliniki moja. Tulikuwa tunawatafuta wenzetu waliokuwa hawaonekani."

"Wewe ndiye wa kisamvu."

"Ndiyo, mimi."

"Alikuwa akirudi ananiambia, mke wangu, yule mama anapika kisamvu bila chumvi na kinalika. Nikawa nakasirika." Mama Trevor alicheka kidogo, kisha cheko likamkatikia. Emilia alisikia kuku upande wa pili, na mtu akifagia.

"Hiyo kliniki ni siku gani?" Mama Trevor aliuliza.

"Jumanne."

"Nauliza kwa sababu mimi kichwa hiki, tangu msiba... Huwa kinanigonga huku nyuma, shingoni. Sijapimwa. Nilisema ni mawazo."

"Njoo Jumanne hii," Emilia alisema. "Panda gari la kwanza. Ukishuka usiingie peke yako. Uliza kibanda cha Mama Chrispin, tutavuka wote."

Alikuja Jumanne ile, amevaa gauni la kanisani na barakoa ya kitenge, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Emilia alivua kanga ya jikoni, akanawa, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na zamu ya kupimwa siku hiyo, walikaa benchi moja wakisubiri kuitwa.